Umeumia kwenye bodaboda Mwanza: jinsi ya kudai fidia, kuanzia barabarani hadi mahakamani

Ajali ya bodaboda ikitokea, iwe Buzuruga, Mkuyuni au njia ya Usagara, watu hujaa haraka, na neno linalosikika mapema ni "tuyamalize". Dereva aliyegonga anatoa elfu hamsini ya hospitali, majeruhi anapakizwa kwenye bajaji, pikipiki inasogezwa pembeni, na baada ya muda mfupi magari yanapita kama hakuna kilichotokea. Wiki mbili mbele mguu bado umevimba, daktari anasema mfupa haukukaa sawa na unahitaji kufungwa chuma, na ile namba ya simu aliyoiacha dereva haipatikani.

Mwongozo huu ni wa huyo majeruhi na ndugu zake. Unafuata sheria za Tanzania Bara. Jambo moja ninalotaka ulishike kabla ya mengine yote: fidia ya ajali hulipwa kwa karatasi. Huruma ya dereva, ahadi ya mwenye gari, hata ukweli wenyewe kwamba ulionewa, vyote havitoshi kama hakuna kilichoandikwa. Na karatasi nyingi zinazohitajika hupatikana kwa urahisi siku za mwanzo, kisha kadiri siku zinavyopita zinakuwa ngumu kuzipata.

Barabarani

Uhai kwanza. Aliyeumia shingo au mgongo asikunjwe kwenye bajaji wala asibebwe kwa kushikwa mikono na miguu, labda kama kumwacha pale ni hatari zaidi. Kofia ngumu isivutwe kwa nguvu. Piga 112 polisi wafike.

Majeruhi akiwa anahudumiwa, mtu mmoja tu mwenye akili tulivu anatosha kufanya kazi iliyobaki. Atoe simu apige picha vyombo vyote vikiwa mahali vilipoangukia, kabla havijasogezwa. Apige namba za usajili kwa karibu mpaka zisomeke: pikipiki huanza na MC, magari ya kiraia huanza na T. Apige alama za breki barabarani, vioo vilivyovunjika, na alama yoyote ya barabarani iliyo karibu ili baadaye pajulikane ni wapi hasa. Kisha achukue majina na simu za walioona. Hapa nina ushauri: usitegemee vijana wa kijiweni peke yao. Wengi ni watu wema, ila kesho mwenzao akiwa ndiye mlalamikiwa watapata shida kusema. Mama anayekaanga samaki pembeni, mwenye duka la vocha, abiria wa daladala iliyokuwa nyuma, hao ni mashahidi wazuri zaidi.

Kupokea pesa ya matibabu si kosa. Kosa ni kuipokea huku unasaini karatasi inayosema umeridhika na hudai tena. Mwambie kwa upole, "Kaka, nashukuru, hii ni ya kunifikisha hospitali, mengine tutazungumza polisi." Kama lazima kuandikwa kitu, kiandikwe hivi: nimepokea shilingi kadhaa kwa ajili ya matibabu ya awali tu, madai mengine yanabaki. Tarehe, majina, sahihi, mashahidi. Piga picha karatasi hiyo.

Polisi

Ajali yenye majeruhi lazima ifike polisi. Ndugu mmoja aende kituo kilicho karibu siku hiyo hiyo, asisubiri mgonjwa apate nafuu. Atapewa namba ya taarifa, ambayo wengi tunaiita RB. Iandike mahali ambapo haipotei, kwa sababu kila utakaporudi kituoni utaulizwa hiyo kwanza.

Atapewa pia PF3, fomu ya polisi ya matibabu. Fomu hii ni bure. Kama mgonjwa yuko katika hali mbaya, mpelekeni hospitali kwanza na mmoja akimbilie PF3. Msikae kituoni na mtu anayevuja damu. Daktari akishajaza sehemu yake, fomu inarudi polisi na kuingia kwenye jalada. Kabla hujairudisha, pita steshenari yoyote utoe kopi ya pande zote mbili. Ni kazi ya dakika tano na mia chache. Ukiikosa, utakuja kuifuatilia kwenye jalada ambalo huenda limeshahamia kwa mwendesha mashtaka, au mpelelezi wake amepangiwa kituo kingine.

Askari wa usalama barabarani watapima na kuchora mchoro wa ajali. Kama unaweza, wewe au shahidi wako awepo wakati wanapima, aonyeshe mahali ulipogongwa kabla hujarushwa. Baadaye kuna nyaraka tatu ambazo kampuni za bima huziulizia kwa namba: PF90, ambayo ni taarifa ya polisi ya ajali, PF93, ambayo ni ripoti ya ukaguzi wa chombo, inayosema kama breki na taa zilikuwa nzima, na PF115, ambayo ni taarifa ya mwisho baada ya upelelezi au kesi. Ziombe kwa majina hayo hayo. Ukisema tu "naomba ripoti ya ajali" unaweza kupewa moja ukadhani ndiyo yote.

Hospitali

Ukiwa Sekou Toure, Bugando au hospitali ya wilaya, mweleze daktari kila kinachouma, hata kile unachoona ni kidogo. Daktari huandika anachokiona na anachoambiwa. Kama ulipoteza fahamu kwa dakika chache, sema. Kama sikio linavuma, sema. Maumivu ya kichwa yatakayoanza kutajwa miezi minne baadaye, wakili wa upande wa pili atauliza kwa nini hayamo kwenye kadi ya siku ya kwanza, na swali hilo lina nguvu.

Tunza picha za eksirei, majibu ya vipimo, maelezo ya upasuaji, kadi za kliniki na risiti zote. Malipo ya hospitali za serikali hufanyika kwa namba ya malipo, na risiti yake ni ushahidi mzuri. Iombe hata kama karani ana haraka. Dawa ulizonunua duka la nje, magongo, nauli ya kwenda kliniki na kurudi, pesa uliyomlipa binti wa kukusaidia nyumbani kwa sababu huwezi kuinama, vyote vinadaiwa. Hata dereva wa bajaji anayekupeleka kliniki anaweza kukuandikia karatasi ndogo yenye tarehe, kiasi na sahihi.

Huku kwetu kanda ya ziwa watu wengi waliovunjika hupelekwa kwa waganga wa kuunga mifupa. Sitaki kubishana na mtu juu ya imani yake wala juu ya aliyepona. Lakini ukitoka hospitali katikati ya matibabu, unakata mambo mawili kwa mpigo: mfupa unakosa uangalizi, na kumbukumbu zako zinaishia hapo. Upande wa pili utasema ulemavu umetokana na kuacha matibabu, si na ajali. Kama familia imeamua hivyo, basi angalau usikose tarehe za kliniki.

Usikimbilie kusaini malipo ya mwisho wakati jeraha halijatulia. Subiri daktari aseme umefika mwisho wa kupona na aandike ripoti inayotaja asilimia ya ulemavu wa kudumu, kama upo. Ripoti hiyo ndiyo inayobeba sehemu kubwa ya fidia.

Unamdai nani?

Hapa ndipo watu wengi wanapotea, kwa hiyo tuende taratibu.

Tuseme mama mmoja anauza dagaa. Ametoka Mwaloni Kirumba asubuhi amepanda bodaboda kwenda Igoma, na njiani Hiace inageuka ghafla na kuwagonga. Mama amevunjika mguu, kijana wa boda amevunjika mkono.

Kama mwenye makosa ni Hiace, wote wawili wanadai upande wa Hiace: dereva, mmiliki na kampuni ya bima iliyoikatia gari hilo bima. Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169, inamlazimisha kila mwenye chombo cha moto kinachotembea barabarani, pikipiki ikiwemo, awe na bima ya kufidia watu wengine watakaoumia au kufa. Ndiyo hii tunayoiita bima ndogo. Kutembea bila bima hiyo ni kosa la jinai.

Kama mwenye makosa ni kijana wa boda, mama anadai kwa dereva huyo, kwa mmiliki wa pikipiki na kwa bima ya pikipiki. Abiria aliyelipa nauli ni miongoni mwa watu ambao bima ndogo inapaswa kuwalinda. Kijana mwenyewe, kwa majeraha yake, hana cha kudai kwenye bima ndogo yake, kwa sababu bima ile ni ya wengine. Vijana wetu wengi hawalijui hili mpaka wamelala wodini. Dereva anayetaka kujilinda mwenyewe anahitaji bima ya ajali binafsi, na anatakiwa kuikata kabla.

Jambo jingine la bima ya pikipiki: kuna bima ya matumizi binafsi na kuna ya biashara. Mwenye pikipiki akitaka kuokoa pesa kidogo akakata ya binafsi huku chombo kinabeba abiria kijiweni, kampuni ina sababu ya kukataa madai ya abiria. Ndugu dereva, angalia cheti chako leo kimeandikwa nini. Unaweza kuhakiki bima ya chombo chochote kwa namba ya usajili kwenye mfumo wa TIRA MIS wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima. Utaona kama ipo hai, ni ya aina gani na ya kampuni ipi. Piga picha ya kioo cha simu siku ya ajali, kwa sababu unachotaka kuthibitisha ni kwamba bima ilikuwa hai siku hiyo.

Na mmiliki je? Pikipiki nyingi za vijiweni si za anayeendesha. Kuna anayepeleka hesabu kwa bosi kila siku, na kuna aliyepewa kwa mkataba, akimaliza deni pikipiki inakuwa yake. Anayepeleka hesabu ni rahisi kumhusisha bosi wake, maana anafanya kazi kwa faida ya bosi. Mwenye mkataba, bosi atajitetea kwamba aliuza kwa awamu na hahusiki. Utetezi huo usikukatishe tamaa mapema. Angalia kadi ya pikipiki ina jina la nani, mkataba unasemaje, nani alikata bima, nani analipa leseni ya LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini. Mara nyingi majibu yanaelekea kwa mtu yule yule.

Makosa yako nayo huhesabiwa. Kama hukuvaa kofia ngumu ukaumia kichwa, au mlipanda mishikaki, mahakama inaweza kugawa lawama na kupunguza fidia kwa kiasi cha mchango wako. Kupunguza, si kufuta. Mtu akikuambia "hukuvaa helmeti kwa hiyo huna haki", si kweli.

Pigia hesabu hasara yako

Mahakama na bima hugawa madai katika mafungu mawili. La kwanza ni hasara mahususi: pesa iliyotoka mfukoni na kipato kilichopotea. Hii unaitaja kwa kiasi na unaithibitisha kwa ukamilifu. Msimamo huo uliwekwa wazi na Mahakama ya Rufani katika shauri la Zuberi Augustino dhidi ya Anicet Mugabe, na bado unatumika kila siku. La pili ni fidia ya jumla, kwa maumivu, ulemavu na maisha kubadilika. Kiasi chake hakimu anakipima mwenyewe kwa kuangalia hali yako.

Kipato ndicho kinachowasumbua watu wasio na hati ya mshahara. Yule mama wa dagaa anathibitishaje? Kwa taarifa ya miamala ya simu ya miezi kabla ya ajali, inayoonyesha malipo ya wateja. Kwa daftari la mauzo, hata liwe la kuchanika. Kwa kitambulisho cha mjasiriamali au risiti za ushuru wa soko. Kwa anayemuuzia gunia mwaloni na aliyekuwa akinunua kwake kutoa maelezo. Kwa barua ya serikali ya mtaa. Kama faida yake ilikuwa 15,000 kwa siku, siku 26 kwa mwezi, ni 390,000. Miezi 5 ya kulala ni 1,950,000. Hesabu ya namna hii, yenye vithibitisho nyuma yake, inaheshimika kuliko kusema "nimepata hasara ya milioni kumi".

Peleka madai kwa bima

Andika barua kwa kampuni ya bima ya chombo chenye makosa, nakala kwa mmiliki. Taja tarehe, mahali, namba za vyombo, namba ya RB, majeraha, na kiasi unachodai. Ambatanisha kopi, halisi baki nazo. Peleka mwenyewe kwenye tawi lao na ugongewe muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yako. Kampuni nyingi zina ofisi hapa mjini.

Mara nyingi watakuuliza kesi ya trafiki imeishaje. Kwa hiyo fuatilia kesi hiyo ingawa ni ya Jamhuri na wewe ni shahidi tu. Nenda siku ukiitwa kutoa ushahidi; kesi nyingine hufutwa kwa sababu shahidi hakuonekana. Dereva akitiwa hatiani, omba nakala ya hukumu iliyothibitishwa na mahakama. Muda wa rufaa ukishapita, hukumu hiyo inakuwa ushahidi wa mwisho kwamba alitenda kosa, na hapo huhitaji kuanza upya kubishana nani alimgonga nani. Mahakama ya jinai pia ina uwezo wa kuamuru fidia katika kesi hiyo hiyo, hivyo mkumbushe mwendesha mashtaka aiombe.

Bima wakileta kiasi, watakupa hati ya kukubali malipo ya mwisho. Ukisaini, mlango wa madai dhidi yao umefungwa. Ichukue nyumbani, isome na mtu anayejua, uliza kama kiasi kimezingatia upasuaji wa kutoa vyuma unaokuja. Wakikataa madai, omba sababu kwa maandishi. Wakikaa kimya au ukiona umeonewa, peleka malalamiko TIRA, ambao wana ofisi ya kanda hapa Mwanza, au kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima.

Kuhusu msaada wa sheria. Kuna watu huzunguka wodini na kwenye korido za mahakama wakijiita mawakili au "watu wa bima". Hao ni vishoka. Usiwape PF3 halisi wala kitambulisho chako, na usisaini fomu tupu. Wakili halali unamhakiki kwenye mfumo wa e-Wakili wa Mahakama. Mkubaliane malipo kwa maandishi kabla ya kazi. Kama huna uwezo, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria na mashirika yanayosaidia bure. Ofisi ya kata au ya maendeleo ya jamii ya halmashauri itakuelekeza waliosajiliwa karibu nawe.

Mahakamani

Madai ya uzembe kama haya hayafunguliwi Mahakama ya Mwanzo. Kwa kawaida huanzia Mahakama ya Wilaya au ya Hakimu Mkazi. Muda wa mwisho ni miaka 3 tangu siku ya ajali, kwa mujibu wa Sheria ya Ukomo, Sura ya 89. Mazungumzo na bima hayasimamishi saa hiyo. Kampuni ikikuambia "tunashughulikia" mwaka wa kwanza na wa pili, wewe endelea kuhesabu miezi. Na kampuni ya bima ipewe taarifa ya maandishi kwamba unafungua kesi, mapema kabisa, maana bila taarifa hiyo inaweza kukwepa kulipa hukumu utakayoipata dhidi ya mteja wake.

Ulikuwa kazini

Kama umeajiriwa na ulikuwa unasambaza mizigo au umetumwa na mwajiri, mjulishe mwajiri mara moja kwa maandishi. Una haki pia kwenye Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF.

Mtu akifariki

Wategemezi, yaani mke, mume, watoto na wazazi, wana haki ya kudai chini ya sheria inayohusu ajali zinazosababisha kifo, Sura ya 310. Bima watataka cheti cha kifo kutoka RITA, ripoti ya uchunguzi wa mwili na barua ya usimamizi wa mirathi. Kikao cha familia kikae, muhtasari uandikwe, mtu aliyeteuliwa aende Mahakama ya Mwanzo kufungua mirathi. Tafadhalini, asiteuliwe mtu kwa sababu tu ana sauti kubwa kwenye ukoo. Pesa hiyo ni ya mjane na watoto, na msimamizi anawajibika kuitolea hesabu mahakamani. Mjane awe ndani ya kikao hicho, asikie kila kinachoandikwa.

Gari la serikali

Kama aliyekugonga anaendesha gari la wizara, halmashauri au taasisi ya umma, utaratibu hubadilika. Lazima kwanza utoe notisi ya siku 90 kwa taasisi husika, nakala kwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali na Wakili Mkuu wa Serikali, kisha shauri lifunguliwe Mahakama Kuu na Mwanasheria Mkuu akiunganishwa. Bila notisi, shauri hutupwa hata kama ushahidi wako hauna doa. Kwa kesi za namna hii usihesabu kwamba una miaka 3 kamili ya kujipanga. Barua ya notisi iandikwe ndani ya mwaka wa kwanza, ipelekwe kwa mkono, na nakala yako irudi na muhuri na tarehe ya kila ofisi iliyoipokea.